Shibe Iuayo Bahari

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tumezoea kuiandika katika insha za kuweka akiba na za kusoma kwa bidii. Leo naitumia kwa jambo lisilopendeza. Kibaba ninachozungumzia ni bahari, na hizo haba ni zile zitokazo vyooni, jikoni na mashambani mwetu.

Habari yenyewe ilianza hivi. Muhula uliopita, mwalimu mlezi wa chama chetu alitugawanya katika vikundi, kila kikundi kitafute jina la Kiswahili la jambo moja la sayansi. Kikundi chetu kikapewa lile eneo la bahari ambalo hewa ya oksijeni imepungua mno ndani ya maji, hata samaki wasiweze kuishi. Wazungu huliita eneo lililokufa. Mimi, bila kufikiri mara mbili, nikasimama nikasema, "Maji mafu!" Wenzangu wakapiga makofi. Nikarudi nyumbani nikijiona mshindi.

Sasa, babu yangu ni mvuvi wa hori la Tudor, hapa Mombasa. Jioni nilimkuta barazani akitengeneza wavu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwafunzwani huko shule?"

Nikamweleza kwa majivuno. Babu akacheka mpaka akaweka wavu chini.

"Sikiza, mjukuu wangu. Maji mafu yana wenyewe. Maji mafu ni yale ya mwezi nusu, hayajai sana wala hayapwi sana. Maji makubwa ni bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Mvuvi akichanganya hayo atalala njaa." Kisha akaniangalia. "Na hayo yenu ambayo samaki hukosa pumzi, yameuawa na nani?"

Nikabaki kimya. Sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu kwa babu, na naomba uyasome kama kwamba nawe umekaa nasi pale barazani.

BAHARI HULA NINI?

Tuanze mwanzo. Shambani mmea hauoti kwa jua na maji peke yake. Unahitaji virutubisho, na vikubwa ni naitrojeni na fosforasi. Ndiyo maana mkulima hununua mbolea. Baharini mambo ni yale yale. Ndani ya maji mna vijimea vidogo sana, havionekani kwa macho, vinavyoelea popote maji yaendapo. Hivyo ndivyo malisho ya bahari. Wadudu wadogo wa majini hula vijimea, dagaa hula wadudu, samaki wakubwa hula dagaa, na binadamu hula wote. Vikikosekana vijimea, hakuna changu wala kamba.

Kwa kawaida virutubisho baharini ni haba, hasa naitrojeni, na uhaba huo ndio unaozuia vijimea visizidi kipimo. Basi mtu angeweza kuuliza: kama virutubisho ni chakula, si vizuri bahari ipewe zaidi? Nami nilifikiri hivyo. Kumbe hapo ndipo penye tatizo. Kinachoiua bahari hapa si sumu. Ni chakula kilichozidi.

SHIBE INAVYOLETA KUKOSA PUMZI

Hebu tufuate hatua moja moja.

(a) Naitrojeni na fosforasi nyingi huingia baharini kwa mito, mifereji na mabomba.

(b) Vijimea huzaana upesi kupita kiasi. Maji hubadilika rangi, yakawa ya kijani au ya hudhurungi. Mwangaza wa jua haufiki chini, na majani ya bahari yaotayo sakafuni, ambayo ndiyo malisho ya tafi, hudhoofika.

(c) Vijimea haviishi siku nyingi. Hufa kwa wingi na kuzama.

(d) Kule chini bakteria huja kuozesha mizoga hiyo. Kazi ya kuozesha huhitaji oksijeni, kwa hivyo bakteria huivuta ile iliyomo majini.

(e) Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 katika lita moja ya maji, samaki wengi hukimbia. Wasioweza kukimbia, kama vile chaza, minyoo ya mchangani na kaa wengine, hufa palepale.

Nilipoyasoma haya chamani, mwenzangu mmoja aliinua mkono. "Lakini tumefundishwa kwamba mimea hutoa oksijeni. Mbona hii inaimaliza?" Swali zuri sana. Jibu ni kwamba vijimea hutoa oksijeni kule juu kwenye mwangaza, na sehemu yake hutoroka ikaingia angani. Kuoza kunatokea chini, gizani. Tena maji ya mto ni mepesi kwa kuwa hayana chumvi, na maji yaliyopashwa na jua ni mepesi pia. Hayo hukaa juu ya maji ya chumvi mazito kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Upepo usipoyakoroga, hewa ya juu haishuki. Chini ni kama chumba kilichojaa watu, milango na madirisha yamefungwa.

MITUNGI MITATU

Ili nisionekane nasimulia mambo ya vitabuni tu, tulifanya jaribio, na wewe waweza kulifanya shuleni kwenu. Tulichukua mitungi mitatu ya kioo, tukaijaza maji ya hori. Wa kwanza tuliuacha hivyo hivyo. Wa pili tulitia mbolea ya chumvichumvi kidogo tu, kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Wa tatu tulitia vijiko vichache vya maji ya kuoshea vyombo. Tukaiweka yote dirishani kwenye mwangaza.

Baada ya majuma mawili mtungi wa kwanza ulikuwa karibu ulivyokuwa. Wa tatu ulikuwa na ukungu. Wa pili, wee! Ulikuwa kijani kama mchicha. Tukaufunika huo, tukauweka kabatini gizani kwa juma moja. Siku ya kuufungua darasa zima lilikimbilia madirisha. Harufu ilikuwa ya mayai viza. Hiyo ni gesi itokayo oksijeni ikiisha na bakteria wengine, wasiohitaji oksijeni, wakashika kazi. Mbolea kidogo tu, msomaji, na mtungi mzima ukaoza.

MKONO WA BINADAMU: MTONI

Sasa tuje kwa swali la babu, nani ameua. Chamani tuligawanyika. Wenzetu wa pwani walisema wenye makosa ni wakulima. Wenzetu wa bara, ambao wazazi wao hulima mahindi, walisema makosa ni ya miji. Nilipekua maktaba, nikaona kila upande una ushahidi wake.

Tuanze na wakulima. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mimea mingi haiwezi kuitumia ikiwa angani. Mnamo 1909 mwanakemia wa Ujerumani, Fritz Haber, alionyesha namna ya kuikamata na kutengeneza amonia. Carl Bosch akaifanya kazi ya kiwanda, na mwaka 1913 kiwanda cha kwanza kikaanza kazi huko Oppau, Ujerumani. Hiyo ndiyo asili ya mbolea nyingi za dukani. Tusiwe wepesi kuilaumu. Inakisiwa kwamba karibu nusu ya watu duniani leo hula kwa sababu yake. Lakini mazao huchukua karibu nusu tu ya naitrojeni itiwayo mashambani. Nyingine hupotea, na mvua ikinyesha sehemu yake hupelekwa mtoni.

Twende Marekani kidogo, maana huko wamepima kwa miaka mingi. Mto Mississippi hukusanya maji ya eneo la kama kilomita za mraba milioni 3.2, na ndani yake mna mashamba makubwa sana ya mahindi na soya. Maji hayo yote humwagika katika Ghuba ya Meksiko. Tangu 1985 mwanasayansi Nancy Rabalais na wenzake wamekuwa wakipima karibu kila kiangazi eneo la chini ya bahari lisilo na oksijeni ya kutosha. Mwaka 2017 lilifika kilomita za mraba 22,730, kubwa kuliko yote waliyowahi kupima. Ukitaka kupata picha, unganisha kaunti ya Kilifi na kaunti ya Kwale, bado eneo hilo litazidi. Serikali ya Marekani na majimbo ya bonde hilo wamejiwekea shabaha ya kulipunguza lisizidi kilomita za mraba 5,000 kwa wastani. Walitaka wafike huko mwaka 2015. Hawakufika, wakasogeza tarehe hadi 2035. Mkulima aliye kilomita elfu moja na zaidi kutoka baharini haoni kamba akifa, kwa hivyo ni vigumu kumwambia apunguze mbolea.

Je, bahari ikishakufa hivyo imekwisha? Hapana. Tazama Bahari Nyeusi, iliyo kati ya Ulaya na Asia. Sehemu yake ya kaskazini-magharibi ina kina kifupi na hupokea mto Danube. Kuanzia miaka ya 1960 mashamba na mifugo ya nchi za Ulaya Mashariki viliongezeka, mbolea ikatiwa kwa wingi, na kufikia 1990 eneo lililokosa oksijeni lilikuwa kama kilomita za mraba 40,000. Kisha mwaka 1991 dola ya Kisovieti ikavunjika. Wakulima wakakosa fedha za kununua mbolea. Haikupita miaka mingi, na mwaka 1996 eneo lile halikuonekana. Bahari haikupona kabisa, wala hatuwezi kusifu umaskini wa wakulima wale. Lakini jambo moja lilithibitika: mkono uliotia ukiacha kutia, bahari huanza kuvuta pumzi tena.

MKONO WA BINADAMU: BOMBANI

Wenzetu wa bara waliposikia hayo walinung'unika, wakasema nimewaonea. Basi sasa zamu ya miji.

Chakula alacho mtu hakiishii mwilini. Sehemu kubwa ya naitrojeni aliyokula hutoka tena, na nyingi yake hutoka kwa mkojo. Kwa hivyo mbolea iliyotiwa shambani bara, ikaota hindi, hindi likasagwa, unga ukapikwa sima Mombasa, mwisho wake ni choo cha Mombasa. Mkulima na mtu wa mjini hawana haja ya kugombana. Wao ni mwanzo na mwisho wa safari moja.

Mfano wa mji ni Kaneohe, ghuba yenye matumbawe katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Kwa miaka mingi maji taka yalimwagwa upande wa kusini wa ghuba hiyo. Maji yakawa mazito kwa vijimea, na mwani mmoja wa kijani, ulio kama mapovu, ukayafunika matumbawe. Mwaka 1977 na 1978 bomba lilihamishwa, maji taka yakapelekwa kwenye bahari kuu yenye kina. Vijimea vikapungua upesi, na wapimaji waliorudi mwaka 1983 wakakuta matumbawe yameanza kurudi. Lakini ule mwani wa mapovu haukuondoka wote wakati huo. Uling'ang'ania sehemu nyingine za ghuba hadi mwaka 2006, ulipopungua ghafla baada ya majuma mengi ya mvua na mawingu. Funzo ni kwamba kuharibu ni kazi ya siku chache, na kutengeneza ni kazi ya miaka.

Karibu zaidi na nyumbani, kule Unguja, Mats Björk, Adelaida Semesi na wenzao walichapisha mwaka 1995 uchunguzi wa bahari ya karibu na mji wa Zanzibar. Waliangalia mwani mgumu kama chokaa ambao hushikanisha mwamba wa matumbawe kama saruji ishikavyo mawe. Waliona kwamba karibu na maji taka ya mji mwani huo ulipungua, na kwamba fosfati nyingi huuzuia kukua. Saruji ikikosekana, mwamba utasimama vipi? Na mwamba ndio unaovunja mawimbi yasile fuo zetu.

NA HAPA KWETU JE?

Mombasa ni kisiwa kilichozungukwa na mikono ya bahari. Upande mmoja ni hori la Tudor, linalopokea mito ya Kombeni na Tsalu. Upande wa pili ni Kilindini na Port Reitz. Hesabu ya watu ya 1989 ilipata watu 461,753 mjini Mombasa. Ile ya 2019 ilipata watu 1,208,333 katika kaunti. Watu wamezidi mara mbili na nusu, na bahari ni ile ile.

Tena kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe la matumbawe ya kale. Jiwe hilo lina matundu. Nyumba nyingi hutumia vyoo vya shimo au tangi la chini ya ardhi, na maji yake hupenya jiweni polepole yakatafuta njia ya kwenda visimani na baharini. Nyumba nyingine hazina hata shimo. Zina bomba tu.

Tunayo bahati moja kubwa. Wakati wa bamvua, bahari ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji mengi hutoka horini na mapya yakaingia, mara mbili kila siku. Kama kunawa uso. Lakini hori la Tudor lina mlango mwembamba, ule unaopita Bandari ya Kale, na ndani kabisa maji hukawia kubadilishwa. Hapo nikakumbuka maneno ya babu. Wakati wa maji mafu, bahari haioshi vizuri. Nilipomwuliza kama ameona tofauti, alinijibu mara moja, "Harufu huzidi siku za maji mafu. Hilo halihitaji kitabu."

Tunao pia mikoko. Kati ya 2005 na 2008 watafiti wa Kenya, Tanzania na Msumbiji, wakishirikiana na wenzao wa Ulaya, walichunguza kama mikoko iliyo kando ya miji inaweza kuchuja maji taka. Hapa Kenya walifanya kazi Gazi na Mikindani. Ni kweli mikoko na matope yake hushika sehemu ya virutubisho. Lakini mikoko ina kiasi chake. Ukiikata kwa kuni na nguzo, na wakati huohuo ukaimwagia maji taka ya mtaa mzima, utakuwa kama mtu anayemwongezea mpagazi mzigo huku akimvunja mguu.

Watafiti Robert Diaz na Rutger Rosenberg walipohesabu mwaka 2008, walipata zaidi ya maeneo 400 duniani yaliyokosa pumzi hivi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tujue kwamba kuua vijidudu si kuondoa virutubisho. Maji taka yanaweza kutiwa dawa yakawa hayaleti kipindupindu, na bado yakabeba naitrojeni na fosforasi nyingi. Mitambo ya kusafishia hutofautiana. Mingine huchuja takataka ngumu tu. Ile inayoondoa virutubisho ni ghali zaidi na huhitaji umeme na mafundi wa kuitunza.

Pili, mbolea itiwe kwa kipimo na kwa wakati. Mkulima anayetia mbolea siku moja kabla ya mvua kubwa ametia mtoni. Matuta na majani ya kandokando ya mto huzuia udongo usiondoke na mbolea yake.

Tatu, kilichotoka shambani kirudi shambani. Samadi na takataka za jikoni zilizooza vizuri ni mali. Hata uchafu wa vyoo ukisafishwa kwa njia salama, ukakaa muda wa kutosha, ni mbolea. Kitu kile kile kikiwa shambani ni rutuba, na kikiwa horini ni balaa.

Nne, mikoko iachwe isimame, na iliyokatwa ipandwe.

JIBU LANGU KWA BABU

Jumamosi moja nilikaa na babu nikamsomea haya yote. Nikamweleza Mississippi, nikamweleza Bahari Nyeusi. Alisikiliza vizuri sana. Nilipomaliza akaniuliza swali moja tu.

"Na bomba letu je?"

Nikaona aibu. Mimi nilikwenda Marekani nikarudi, nikahukumu wakulima na miji, na nyuma ya nyumba tunayokaa kuna bomba linalotoka chooni likaingia horini. Hapohapo babu ndipo afungapo mtumbwi wake. Nilikuwa nalipita kila siku nikienda shule. Nyani haoni kundule.

Kumbe babu alikuwa amelinyamazia siku nyingi. "Ningesema nini?" akaniambia. "Sisi sote twalitumia. Ukimshtaki jirani, wajishtaki na mwenyewe."

Jioni ile tulizungumza na baba na mama, na Jumapili iliyofuata wapangaji wote wakakutana uani. Hapakukosa maneno. Mmoja alisema bahari ni kubwa, haijai kwa choo kimoja. Hapo ndipo nilipoileta ile methali ya haba na haba, mkono wangu ukitetemeka, maana waliokaa pale wote ni wakubwa wangu. Nikawaeleza mtungi wa kijani. Mama mmoja akasema, "Basi tuchange." Wakakubaliana kumwomba mwenye nyumba achimbe tangi, na wao wachangie gari la kunyonya maji taka.

Nilitaka nimalizie makala hapo, msomaji, yaishe vizuri kama hadithi. Lakini baba akauliza, "Na hilo gari litakwenda kumwaga wapi?" Uani kukawa kimya. Kama linamwaga mahali pa kusafishia, ni sawa. Kama linamwaga kichakani juu ya hori, tutakuwa tumelipia bomba refu zaidi. Wakaamua hakuna pesa itakayotoka mpaka tujue jibu. Hadi naandika haya, tangi halijachimbwa bado, na swali la baba bado twalifuatilia. Bomba lipo palepale.

Ama kuhusu jina, kikundi chetu kiliondoa "maji mafu" kwa heshima ya wavuvi. Tukaandika ubaoni "maji yaliyokosa pumzi." Babu alilikubali. Akasema jina hilo lina faida moja: mtu akikosa pumzi, hujafika wakati wa kumzika. Kwanza unaondoa kinachomkaba.

Naweka kalamu chini. Wasalaam.

MSAMIATI

Bamvua: maji makubwa ya bahari, yajayo mwezi ukiandama na ukiwa mpevu.
Maji mafu: maji ya mwezi nusu, yasiyojaa wala kupwa sana.
Hori: mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kavu.
Kupwa: maji ya bahari kurudi nyuma, kinyume cha kujaa.
Majani ya bahari: mimea yenye mizizi iotayo sakafuni mwa bahari ya kina kifupi.
Maji taka: maji machafu yatokayo vyooni, bafuni na jikoni.
Mwani: mimea ya baharini isiyo na mizizi ya kweli.
Tafi: samaki wa kina kifupi alaye majani ya bahari na mwani.
Virutubisho: vitu vinavyolisha mmea, kama vile naitrojeni na fosforasi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa maneno yako kwa nini chakula kikizidi baharini huleta ukosefu wa oksijeni.
2. "Mkulima na mtu wa mjini ni mwanzo na mwisho wa safari moja." Jadili.
3. Taja tofauti moja kati ya yaliyotokea Bahari Nyeusi na yaliyotokea Kaneohe.
4. Kwa nini harufu ya hori huzidi siku za maji mafu?
5. Chunguza shuleni kwenu au nyumbani kwenu: maji ya choo na ya jikoni huishia wapi? Usiandike unavyodhani. Fuata bomba.